Bwana Samaki na Habari ya Pumzi

Mtu huyu alinichosha kwa miaka mingi, na nikisema alinichosha sifanyi utani. Ukimkaribisha chai, chai ilipoa. Ukimkaribisha chakula, wageni wenzake walikaa wameshika matonge hewani wakingoja amalize. Ukimwuliza swali dogo tu, kama vile samaki wapewe pumba asubuhi au jioni, alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akasema, "Tuanze mwanzo." Hapo ulijua kwamba kama una sufuria jikoni, imekwisha kuungua.

Wote tulimwita Bwana Samaki, kama tulivyomwita mwingine Bwana Shamba na mwingine Bwana Mifugo. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyepangiwa kuzunguka vijijini kufundisha watu kufuga samaki. Kwao ni wapi na ukoo wake ni upi, sikupata kujua vizuri, na sikumwuliza kwa kuogopa angeanzia mbali. Nilijua kwamba amepanga chumba Kaloleni, mjini, kwamba ni Mwislamu asiyeacha sala yake impite, na kwamba huja kwetu Nduruma kwa baiskeli, mguu mmoja wa suruali ameufunga kwa kipande cha mpira ili usinaswe na mnyororo.

Nduruma sisi tulikuwa wageni. Tulishuka kutoka mlimani, kwa Wameru wenzetu, baada ya kihamba cha baba mkwe, lile shamba la urithi, kugawanywa kwa watoto wa kiume mpaka sehemu yetu ikawa migomba michache na kahawa ambayo kwa bei za wakati ule hata kuipalilia kulikuwa ni kujisumbua. Mume wangu, Baba Elibariki, alikuwa na kazi kiwandani mjini. Kiwanda kikauzwa, wenyewe wapya wakapunguza watu, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na kila aliyeachishwa kazi anazungumza habari ya mradi. Huyu kuku wa kisasa, yule mitumba, mwingine kioski cha soda. Mume wangu angeweza kuchagua lolote kati ya hayo. Akakutana na Bwana Samaki kwenye kibanda cha fundi baiskeli, wakazungumza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akarudi nyumbani na kuniambia tutachimba bwawa.

Tukachimba. Mfereji wa kijiji ulipita juu ya shamba letu, tukapewa tundu letu la maji kama wenzetu, yakawa yanaingia bwawani kwa kuanguka kutoka kwenye ukingo. Bwana Samaki alisimamia kazi yote akiwa amesimama mbali na shimo. Tukaweka perege, na kambare wachache aliosema watakula vifaranga vya perege visizidi. Majirani walipoona maji yanang'aa na samaki wanarukaruka, nao wakachimba. Baada ya muda ukanda wote ule ukawa na mabwawa, na Bwana Samaki akawa kama mkwe wa kila nyumba.

Shida yake ilikuwa moja. Alijua mengi kuhusu jinsi samaki wanavyopumua, na hakukubali mtu ajue nusu. Na kwake yeye habari ya pumzi ilianza na trauti.

Trauti ni samaki wa mito ya baridi, huko juu kwenye msitu wa Meru, ambako Wazungu waliwapandikiza zamani ili wavue kwa starehe. Hakuna mtu wa Nduruma aliyewahi kufuga trauti, wala asingeweza, maana maji yetu ni ya vuguvugu. Lakini hukuweza kuwafikia samaki wako mwenyewe bila kupitia kwa trauti.

"Shemeji," aliniambia siku moja nilipomwuliza samadi ya ng'ombe inatosha kiasi gani, "trauti ni tajiri. Amezoea maji yanayogonga mawe, yanaruka, yanachanganyika na hewa. Anafungua mdomo, maji yanaingia, yanapita kwenye matamvua, zile nyuzi nyekundu unazoziona ukifunua shavu la samaki. Hewa inabaki kwenye damu, maji yanatokea nyuma ya shavu. Sasa mlete trauti hapa kwenu. Atajiona kama amefungiwa ndani ya gunia."

"Bwana Samaki, nimeuliza samadi."

"Tunafika huko. Perege naye ana matamvua, lakini ni mtu wa hali ya kati, mvumilivu. Hewa ikipungua majini anapanda juu, anaweka mdomo pale maji yanapogusana na upepo, kwa sababu ile ngozi ya juu ya maji ndiyo yenye hewa kidogo. Ukiwakuta asubuhi wamepanga midomo juu ya maji kama wanakwaya, usiseme wana njaa ukawatupia pumba. Hawaombi chakula. Wanaomba hewa."

"Na samadi?"

"Na kambare ni habari nyingine kabisa. Kambare ana matamvua, lakini juu yake, ndani ya kile kichwa kipana, ana kitu kama mti mdogo mwekundu wenye matawi, mfano wa koliflawa. Anapanda, anameza hewa hii hii unayovuta wewe, anashuka nayo matopeni. Ukimzuia asipande, anaweza kufa maji, samaki mzima!"

Kuhusu samadi alikuja kusema, ndiyo. Alisema wakati mimi nimekwisha kwenda kugeuza ndizi motoni, na jirani yangu aliyekuwa anasubiri jibu hilohilo amekwisha kuaga. Alisema samadi ikizidi inaoza, na inapooza inakula hewa ya samaki. Maneno hayo, ambayo ndiyo tuliyoyahitaji, aliyasema akipanda baiskeli. Alikuwa hivyo siku zote: lililo la maana kwa msikilizaji lilikuja mwisho, likakuta msikilizaji hayupo.

Alikuwa na vituko vingine vya kunitia hasira. Akitaka kujua kama maji yameiva, yaani yamekuwa ya kijani ya kutosha, hakuingiza mkono wake. Aliingiza wa mtu mwingine. Aliushika mkono wako bila kuomba, akaukunja mkono wa gauni lako, akakwambia uzamishe taratibu. "Vidole unaviona? Bado unaviona? Sema kweli." Kama vidole vilipotea maji yakiwa hayajafika kwenye kiwiko, alitikisa kichwa, mbolea imezidi. Nimekwenda kanisani na gauni lenye harufu ya bwawa kwa sababu yake, maana alinikamata nikipita tu, kitabu cha nyimbo kikiwa kwapani.

Na kwa nini hakutumia mkono wake? Aliogopa maji. Mtaalamu wa samaki aliyeogopa maji! Siku moja ukingo ulimong'onyoka chini ya miguu yake, akateleza ndani, akapiga kelele kwamba anakufa, na watu wakaacha majembe wakaja mbio. Tulimkuta amesimama, maji yamemfika kiunoni, macho yamemtoka. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Samaki alipotolewa hakucheka. Aliniambia kwa uzito kabisa, huku anakamua suruali, "Mimi sina matamvua, shemeji."

Kisha kile chumba chake. Tulimtembelea Kaloleni mara moja, sikukuu ya Idi, na nilidhani nitazimia. Kilikuwa na dirisha moja, nalo alikuwa ameliziba kwa kabati. Jiko la mkaa liko ndani, nguo zinakauka juu yake, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Mtu aliyeweza kukufokea kwa sababu ya majani yaliyoziba tundu la bwawa lako alilala ndani ya kile chumba kila siku.

"Bwana Samaki, humu hamna hewa," nilimwambia.

"Ipo ya kumtosha mtu mmoja," akasema, akatumiminia chai tamu, na pilau yake, lazima nikiri, ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Baadaye serikali nayo ikapunguza watu wake, na yeye akaachishwa. Nilimwonea huruma, na nisifiche, nikajua pia kwamba sasa nitapumzika. Wiki iliyofuata kengele ya baiskeli ikalia uani.

"Si wamekuachisha kazi?" nikamwuliza kabla hata ya shikamoo.

"Wameniachisha mimi. Samaki hawajaachishwa kupumua."

Akaendelea kuja. Hakutaka malipo, isipokuwa ndizi, ambazo hakuwahi kuzikataa. Siku tulipomfanyia Elibariki sherehe ya kipaimara tulimwalika, akaketi meza moja na mchungaji. Samaki walipoletwa, wale wa bwawa letu wenyewe, akamgeuza mmoja kwa uma, akafunua shavu, akatangaza mbele ya meza nzima, "Huyu alikufa amechoka. Alikaa ndani ya ndoo iliyojaa wenzake." Mchungaji akaweka chini kijiko. Mama mkwe wangu alinitazama jinsi ambavyo sijasahau mpaka leo. Mume wangu alimtetea. Alimtetea kila wakati. Walikuwa wanakaa ukingoni jioni, wote wawili watu walioachishwa kazi, mmoja anaongea na mwingine anasikiliza, na naamini mume wangu ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Sasa nieleze lile lililowatenganisha.

Juu yetu, kwenye mto huohuo unaotoa mfereji wetu, lilifunguliwa shamba la maua. Yale ya kusafirishwa nje kwa ndege, yanayooteshwa ndani ya nyumba za nailoni. Vijana wetu wengi walipata kibarua humo, lakini pampu ilipoanza kuvuta, mfereji wetu ukapungua. Siku nyingine ukaamka hauna kitu, maji yakaja mchana kidogo. Tulilalamika, tukaambiwa tusubiri.

Ukaja msimu wa baridi, ule ambao mlima unajificha ndani ya wingu siku nyingi mfululizo na jua linakuwa habari ya kusimuliwa. Samaki walikuwa hawakui, watu wakaona wawaongezee samadi, na sisi tukaongeza. Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji ya ng'ombe nikakuta bwawa limekuwa jeupe. Yalikuwa matumbo. Perege wakubwa, wale tuliokuwa tunawangoja kwa hamu, walielea wameachama midomo, mashavu yamefunuka. Mume wangu alikuwa amechuchumaa ukingoni, anawavuta kwa fimbo mmoja mmoja kama vile anawaamsha.

Tukasikia mayowe kwa jirani. Kisha kwa jirani wa pili. Mabwawa karibu yote ya ukanda ule.

Vyama vingi vilikuwa vimeanza, na kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka udiwani. Kabla jua halijapanda alikuwa kwetu, akisema ni dawa. Shamba la maua wamepulizia dawa, imeingia mtoni, imeua samaki wetu, kesho itaua watoto. Nani angebisha? Harufu ya dawa ile tuliifahamu, ilikuja na upepo. Watu wakaenda langoni kwao na mapanga, na ilibidi wilaya itume ofisa haraka kutuliza. Ikaamuliwa ufanyike mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi, wao waje na meneja wao, sisi tuje na mtaalamu wetu. Tuliyemwamini alikuwa mmoja tu. Mume wangu akaenda mwenyewe Kaloleni kumchukua.

Alikuja siku moja kabla ya mkutano. Alizunguka mabwawa yote. Alifunua mashavu ya samaki waliokuwa bado hawajazikwa, akainama kutazama majini, mbali kidogo na ukingo. "Kambare wako wapi?" aliuliza. Wapo, tukasema, usiku tumewasikia wakipiga maji. "Na vyura? Na hivi viluwiluwi?" Wapo. "Perege wadogo?" Wapo wengi. Akajipangusa mikono, tukarudi nyumbani kula.

"Ni sumu au si sumu?" nikamwuliza wakati wa chakula.

"Nitasema kesho, ili niseme mara moja kwa wote."

Mume wangu akamwambia, "Sema kweli, rafiki yangu. Ila ukumbuke hapa ndipo tulipoweka kila kitu."

"Nitasema kweli yote," akajibu. Lile neno "yote" lingenishtua kama ningekuwa na akili siku ile.

Uwanja ulijaa. Meneja alikaa kwenye kiti chini ya kivuli cha darasa, mtu mpole, kofia ya ukili mkononi. Ofisa wa wilaya akafungua, yule bwana wa udiwani akahutubia mpaka watu wakasimama, ndipo akaitwa Bwana Samaki. Akavua kofia. Nikamwona mume wangu anafumba macho.

"Tuanze mwanzo," akasema. "Kuna samaki anaitwa trauti."

Nitamtendea haki. Aliieleza vizuri kuliko siku zote. Alieleza trauti, akaeleza perege, watu wakiguna kwa kukosa subira. Kisha akafika kwa kambare, na hapo akainua sauti. "Sumu haichagui pumzi. Ingekuwa dawa, viluwiluwi wangetangulia, na wadudu wa majini, na samaki wadogo, na kambare naye asingepona. Lakini waliokufa ni perege peke yao, tena wakubwa, ambao wanahitaji hewa nyingi. Kambare amepona kwa sababu yeye akikosa hewa ya majini anapanda kuvuta hii yetu. Kwa hiyo samaki hawa hawakulishwa kitu. Walikosa pumzi. Wingu limekaa siku nyingi, samadi imeoza majini, na alfajiri, wakati hewa ya bwawa huwa imekwisha..."

Meneja alikuwa amesimama. "Samahani, mzee. Kwa hiyo si sumu?"

"Si sumu. Lakini..."

"Ahsante sana."

"Lakini sijafika..."

"Mtaalamu wenu mwenyewe amesema," ofisa akatangaza, na ungeona jinsi alivyopata nafuu usoni. "Hakuna sumu. Wananchi, tutawanyike kwa amani."

Hapo palikuwa na kelele ambazo sijazisikia tena kijijini. Wengine wanamzomea ofisa, wengi wanamzomea Bwana Samaki. Gari la meneja likawashwa. Na yeye, katikati ya kelele zile, kofia mkononi, anaendelea! "Bwawa lenye samadi na wingu linaweza kupona kama maji mapya yanaanguka ndani yake alfajiri! Maji yakianguka yanabeba hewa! Mfereji ndio matamvua ya mabwawa haya, na pampu yao inawashwa alfajiri, saa ileile! Hawakutia sumu, wamechukua maji! Maji ndiyo..."

Aliiambia migongo. Tuliosikia ni mimi, mume wangu, na walimu wawili waliobaki kukusanya viti.

Watu walisema amelishwa. Walisema shamba la maua limemnunua, na mtu akamtupia bonge la udongo likampata begani. Hakujifuta. Alitembea na sisi mpaka nyumbani akisukuma baiskeli.

"Ungesema maji kwanza," mume wangu akamwambia.

"Ningesema maji kwanza wangeniuliza nimejuaje."

"Wangekuuliza wakiwa wamekaa!" Sikuwahi kumsikia mume wangu akipaza sauti vile. "Mtu anakuja na jembe mkononi, wewe unamweleza trauti! Kweli ulikuwa nayo. Yote ulikuwa nayo. Ukawapa wao nusu yao, sisi ukatubakizia vumbi."

"Nusu ya kwanza isiposemwa, ya pili haieleweki."

"Nenda nyumbani," mume wangu akasema. "Usije tena kwangu."

Bwana Samaki akavaa kofia. Kisha akafunga suruali kwa ule mpira, akaondoka. Mimi nilikuwa na hasira kuliko mume wangu, maana hata pale, amefukuzwa, alikuwa na uso wa mtu anayeona amekatizwa.

Tuliwala wale perege wadogo, tukawauza kambare, tukafukia bwawa. Mahali pake tukapanda nyanya. Mume wangu hakulitaja tena jina lake, ila jioni aliendelea kwenda kukaa palepale ulipokuwa ukingo, peke yake, akitazama nyanya. Miaka ilipita, kifua kikaanza kumsumbua, na mwaka wa Elibariki kumaliza shule tukamzika mlimani kwao. Bwana Samaki alikuja msibani. Nilimwona amekaa nyuma kabisa na wazee wengine wa Kaloleni, kofia juu ya goti. Hakumsemesha mtu. Alitia udongo wake kaburini, akaondoka. Hata hilo lilinikera. Siku ile moja ambayo ningependa mtu azungumze bila kukoma, ili nisisikie mawazo yangu, siku hiyo ndiyo aliyochagua kunyamaza.

Nilimwona tena muda mrefu baadaye, sokoni Kwa Mrombo, nilikokwenda kuuza nyanya. Nilisikia sauti kabla ya kumwona mtu. Mwuza samaki alikuwa anamlalamikia mzee mmoja kwamba asiponunua asimfunulie sangara wake mashavu yote mbele ya wateja. Mzee akajibu kwamba shavu likishakuwa la kahawia mteja ana haki ya kujua. Nikasema moyoni, Mungu wangu, bado yu hai.

"Shikamoo, Bwana Samaki," nikasema.

"Marahaba, shemeji." Alinitambua mara moja. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia, lakini mkono alioninyooshea ulikuwa na nguvu. Hakuniuliza habari za watoto. "Mfereji unaleta?"

"Unaleta. Alfajiri unajaa, namwagilia mpaka jua linatoka. Ni miaka sasa. Diwani alitusemea."

"Diwani!" Akafyonya. "Yule meneja hana adabu kabisa."

"Meneja gani?"

"Wa maua. Nilikwenda kwake. Wiki ileile ya mkutano nilikwenda, mlinzi akanizuia, nikakaa kwenye benchi lake langoni. Kesho yake nikarudi. Nikarudi mpaka wakachoka kuniona, akaniita ofisini. Nikaanza mwanzo. Trauti alinisikiliza vizuri, sina lawama. Kwa perege akaanza kutazama saa. Nafika kwa kambare, katikati kabisa, akainua simu, akamwambia mtu wa pampu asiwashe tena mpaka jua litoke. Akaniambia, 'Mzee, maji yako hayo, sasa niache nifanye kazi.' Mtu gani anakatiza hivyo? Wala hakujua kama kuna kamongo."

Nilikuwa nimeshika fungu la nyanya. Nililiweka chini.

"Ni wewe?"

"Kila kiangazi wanasahau, wanawasha mapema. Nakwenda tena. Sasa hivi mlinzi akiniona tu langoni, anapiga simu ndani, na pampu inazimwa kabla sijashuka kwenye baiskeli." Alisema hivyo kwa uchungu, kama mtu anayeeleza jinsi anavyodharauliwa.

Nikafikiria alfajiri zile zote, maji yanashuka na mimi namshukuru diwani. Nikafikiria mume wangu pale ukingoni.

"Mbona hukumwambia Baba Elibariki?"

Alivua kofia.

"Aliniambia nisije," akasema. "Nilidhani atakuja yeye. Kisha nikasikia anaumwa, nikasema nitakwenda akipata nafuu, maana si habari ya kumweleza mgonjwa, ni ndefu. Msibani nilikuja nikitaka kumwambia pale kaburini, hata kimoyomoyo. Nikashindwa pa kuanzia."

Mwuza samaki alikuwa anapepea nzi. Nilivuta kreti tupu la nyanya, nikaligeuza, nikalikalia, na wateja wangu wawili wakaenda kwa mwingine.

"Kamongo ana nini?" nikamwuliza.

Akanitazama kuona kama namdhihaki. Alipoona simdhihaki akakaa juu ya gunia, akaanza. Kamongo ana mapafu kama mimi na yeye. Matamvua anayo, lakini madogo, hayamtoshi, na ukimshikilia chini ya maji anakufa kwa kukosa hewa. Ziwa likikauka anachimba tope, anajikunja humo, anajifunika kwa ute unaokauka kama karatasi, anaacha tundu dogo mdomoni, na hapo anapumua taratibu, miezi mingi, bila maji, bila chakula, mpaka mvua imfikie. Watu wanapita juu yake na kulima, hawajui kama kuna mtu anapumua. Alisema "mtu", hakusema "samaki". Alieleza vizuri, na alieleza kwa muda mrefu, na mara mbili nilitaka kumkatiza nikajizuia. Alipovuta pumzi nikadhani amefika mwisho. Nikamshukuru, nikasimama, nikajipangusa gauni.

"Keti, shemeji," akasema. "Huo ulikuwa utangulizi."